Alama Mbili za Taimingi

Fundi Salumu alizikwa kwao Nkowe siku ya Jumatano, na mimi sikuwahi kumzika. Gari ndilo lililonichelewesha. Tulitoka Masasi alfajiri na mpwa wangu Deo, tukiwa na hakika ya kufika kabla ya adhuhuri, lakini tulipopita Nanganga ile taa ya njano yenye picha ya injini ikawaka, gari likaanza kukohoa, tukaingia Ruangwa tukitambaa. Pale gereji kijana mmoja mpole, mikono misafi kuliko ya fundi yeyote niliyepata kumjua, akachomeka kimashine chake chini ya usukani, kikafikiri kidogo, kikatoa namba. Akasema, mama, sensa ya taimingi imekufa. Akabadilisha sensa ya krenki, namba ikarudi ile ile. Akabadilisha na ya kemshafti, namba ikarudi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi na kitenge changu cha msibani, najizuia, lakini kuna mambo mtu hawezi kujizuia. Nikamwambia, mwanangu, mjumbe hauawi. Hizo sensa kazi yake ni kuleta habari kwamba krenki na kemshafti haziendi pamoja. Wewe umeshafukuza wajumbe wawili na habari haijabadilika. Fungua uangalie cheni inayoziunganisha. Akanitazama kama unavyomtazama bibi anayekufundisha simu. Deo akamwambia huyu unayemwona alikuwa fundi wa serikali, basi kijana akafungua, na cheni tukaikuta imelegea, imeruka jino moja. Akacheka kwa aibu, nami nikamwambia asijali, sisi tulikosea zaidi ya hapo.

Tuliliacha gari pale tukapanda bodaboda mpaka Nkowe. Tukakuta wanaume wameshatoka makaburini, wamekaa kimya kivulini, wanawake wako ndani. Binti wa marehemu, naye ni mtu mzima sasa, akanitandikia mkeka, akaniletea maji, akaniuliza kwa adabu, “Mama, wewe ni nani wa marehemu?” Nikamjibu kwamba nilifanya kazi na baba yake mwaka mmoja, zamani, Nachingwea. Ni jibu la kweli. Lakini nililisema nikitazama chini, na tangu siku hiyo sijalala vizuri, ndiyo maana nimeamua kuuandika mwaka huo kama ulivyokuwa, na yaliyo ya aibu humo yaandikwe pia.

Ulikuwa mwaka uliofuata vita vya Uganda. Sabuni ilipatikana kwa kujuana, petroli kwa kibali, na Ruangwa ilikuwa bado chini ya Nachingwea. Nilishuka Nachingwea nina miaka ishirini na mitatu, nikiwa na sanduku la bati, cheti cha ufundi magari chenye jina langu, Mektilda, kwa herufi za kupinda, na taa ya taimingi niliyozawadiwa chuoni kwa kushika nafasi ya kwanza. Taa ile niliifunga kwenye kanga kama mtoto. Karakana ya wilaya ilikuwa banda refu la bati lililoachwa na Wazungu wa ule mradi wa karanga, mchana joto lake halisemeki, na ndani mlikuwa na Landrova nne: mbili zikitembea, na mbili zikinyofolewa vipuri ili zile nyingine zitembee. Mwanamke fundi hawakuwa wamepata kumwona. Wiki ya kwanza watu walitoka ofisi nyingine kuja kunichungulia nikiwa chini ya gari, nami nilivyo na ulimi nikawauliza kama wanataka niwaletee viti. Nilijidai sana mwaka ule. Sasa najua kwamba nilikuwa naogopa, maana kila mtu alikuwa akingoja kuona lini yule binti ataharibu kitu.

Mkuu wa karakana alikuwa ndiye huyo Fundi Salumu, Mmwera, mtu mfupi, ameshapita hamsini, mkimya kwa watu wote isipokuwa kwangu. Cheti hakuwa nacho. Alijifunza kwenye matrekta ya karanga kwa kushika taa na kutazama. Aliponiuliza kabila nikamwambia Mngoni wa Songea, aliweka nyundo chini akawageukia wenzake. “Mnaona? Mtumwa wangu amerudi mwenyewe, wala sikumtafuta.” Banda zima likacheka, nami nikamjibu kwamba babu yake ndiye aliyekuwa mtumwa wetu, tena tulimwachia kwa sababu alikuwa anakula sana. Wazee wetu na wao walipigana, na waliopigana wakaacha wajukuu wao wawe watani. Ndivyo tulivyokuta, na ndivyo tulivyoishi. Mtani akikutukana hukasiriki, akichukua kilicho chako hudai. Tangu siku hiyo sikunywa tena chai yangu nzima, maana alikuwa akija anaimalizia bila kuomba. Mimi nilikuwa namfichia kandambili zake mpaka aende peku akinilaani mimi na Songea yote. Saa saba tulikula sinia moja, ugali wa muhogo na kisamvu, na siku nyingine mbaazi. Kuna aliyenong'ona kwamba si vizuri binti kula na wanaume. Fundi Salumu akasema angekuwa binti mwingine angemtengea, lakini huyu ni mtumwa, lazima amwone kwa macho yake anakula, asije akafa akadaiwa na Wangoni.

Chumba nilipanga uani kwa Bi Zuhura, mjane aliyekuwa akiuza sokoni ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini. Kuta zilikuwa za miti na udongo, na kila kilichosemwa uani kilinifikia kitandani. Jumapili mchana wanawake walikaa pale wakimenya muhogo na kuongea Kimwera, na katikati ya Kimwera jina langu likawa linachomoza: Mektilda hivi, Mektilda vile, kisha kicheko. Akiwapo jirani mmoja Mmakua waligeukia Kiswahili, na hapo ndipo niliposikia wanashangaa nani atamwoa mwanamke mwenye oili mpaka kwenye kucha. Bi Zuhura akasema, mwacheni, Fundi Salumu mwenyewe ameniambia huyu anasikia injini kama mkunga anavyosikia tumbo, na yeye akistaafu karakana atamwachia huyu. Nililala chali nikatazama makuti, moyo unanidunda kwa furaha. Mbele yangu hakuwahi kunisifu hata siku moja. Mbele yangu nilikuwa mtumwa mvivu wa Kingoni, na sikutaka iwe vinginevyo.

Sasa taimingi yenyewe. Kwa asiyejua, ni hivi. Cheche ya plagi haitakiwi ingoje pistoni ifike juu kabisa. Inatakiwa itangulie kidogo, kwa sababu petroli nayo inahitaji muda wa kushika moto. Ikitangulia mno, moto unaikuta pistoni bado inapanda, unaipiga kichwani, na utasikia injini inagonga kama misumari ndani ya kopo. Ikichelewa, injini inakuwa mvivu, inapanda mlima kwa kunung'unika. Leo sensa ndizo zinazopima na kompyuta ndiyo inayosogeza. Siku zile palikuwa na alama iliyochongwa kiwandani kwenye puli ya krenki, na kazi ya fundi ilikuwa kuizungusha distribyuta inayogawa cheche mpaka cheche iangukie hapo. Ukimulika kwa taa ya taimingi, ile alama inasimama wima mbele ya macho yako ingawa puli inazunguka. Nilivyoipenda kazi hiyo. Lakini kwenye magari ya Fundi Salumu nilikuta alama ya pili, nyeusi, imechorwa kwa mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayounguza ngozi na yakishakauka hayatoki hata ukisugua. Ilikuwa upana wa kidole kutoka ile ya kiwandani, upande wa kuchelewesha, na magari yote aliyafunga hapo.

Nilimuuliza. Lakini nilimuuliza kiutani, kwamba babu, macho yamekwisha, huoni alama mpaka ujichoree yako? Naye akanijibu kiutani, kwamba hiyo ni alama ya watu wanaokula muhogo, nyinyi wa mahindi hamwezi kuielewa. Tukacheka, tukaendelea na kazi. Moyoni nikasema mzee wa watu hajui kusoma kitabu cha gari. Mara ngapi nimeirudia siku hiyo! Laiti ningevua utani dakika moja nikamuuliza kama mwanafunzi, angenieleza kwa maneno matatu kile nilichokuja kukijua baadaye: kwamba petroli iliyotufikia ilikuwa imepita mikono mingi na kila mkono umeiongezea mafuta ya taa, na petroli ya namna hiyo ukiiwasha mapema inaua injini. Yeye alikuwa ameshaunguza moja, akajifunza, akajichorea alama. Tulikuwa tumezoeana mno kiasi kwamba hapakuwa na namna ya kuulizana jambo la kweli.

Ikaja Ijumaa. Silvanusi, dereva wa gari la wagonjwa, alileta Landrova yake akilalamika kwamba haina nguvu, kuelekea Ruangwa vilima vinamshinda, watu wa baiskeli wanampita. Fundi Salumu alikuwa amekwenda msikitini. Wengine pia. Silvanusi akaenda kutafuta chai, nikabaki peke yangu na lile gari na taa yangu. Nikamulika. Cheche ilikuwa inaangukia kwenye alama nyeusi. Nikalegeza nati, nikaizungusha distribyuta taratibu, nikaiona ile alama ya kiwandani inakuja mpaka ikasimama pale pale kinapotaka kitabu, nikakaza. Injini ikabadilika sauti, ikachangamka. Silvanusi aliporudi akaizungusha kiwanjani mara mbili, akashuka anacheka, akaniuliza nimeipa nini. Nikamwambia nimesafisha platini za distribyuta tu. Kwa nini nilimdanganya? Kwa sababu nilitaka Fundi Salumu asijue kwanza. Nilitaka ipite wiki, watu walisifie lile gari, halafu nimwambie mbele ya wote kwamba Mmwera, kile kidonda chako nimekiponya. Nilikuwa naandaa utani.

Jumatatu mchana gari liliitwa Chunyu kumchukua mama aliyekuwa na uchungu tangu usiku wa juzi yake. Kwenda lilikwenda vizuri. Kurudi, mzigo ukiwa umeongezeka, mama amelala nyuma, mama mkwe wake na wanaume wawili wamemshikilia, jua linawaka, likaanza mwinuko. Silvanusi alieleza baadaye kwamba alisikia mlio kama wa kopo, akadhani ni bomba la moshi limelegea, akakanyaga mafuta amalize kilima. Karibu na kilele moshi mweupe ukatoka, injini ikafa. Walimbeba yule mama kwenye kitanda cha kamba kilichoazimwa nyumba ya jirani, wakipokezana, mpaka Ruangwa. Mama alipona. Mtoto walimtoa ameshakufa. Habari ilitufikia karakana Jumanne asubuhi, wakati tunakunywa chai, na Fundi Salumu alikuwa ameshika kikombe changu. Alikirudisha taratibu mbele yangu.

Gari lilivutwa mpaka karakana. Fundi Salumu alifungua silinda hedi yeye mwenyewe, mimi nikipokea nati. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu juu, kingo zake zimeyeyuka. Alikwenda mbele ya injini, akachuchumaa, akafuta puli kwa kitambaa, akaitazama alama yake nyeusi, kisha akainuka akatazama distribyuta ilikokazwa. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, si kwa hasira, na naapa alikuwa anasubiri. Nikainama nikaanza kupanga nati kwenye bati, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Nilijiambia nitamwambia jioni. Jioni nikajiambia kesho. Chumbani nilisikia wanawake uani wakiongelea yule mama wa Chunyu, kwamba maziwa yamemjaa na hana wa kumnyonyesha, wamemfunga kanga kifuani ili yakauke. Walikuwa wanaongea Kiswahili siku hiyo, kila neno lilinifikia.

Kikao cha uchunguzi kilikaa wiki iliyofuata kwenye chumba cha mikutano cha wilaya, chumba chenye meza ndefu ya mvule, na birika la chai ambalo hakuna aliyeligusa. Walikuwa watatu: mwenyekiti aliyetoka mkoani, amevaa suti ya kaunda na kitabu cha gari kiko mbele yake, bwana wa hospitali, na karani wa kuandika. Silvanusi akaeleza yake. Fundi Salumu akaulizwa kama ni kweli magari ya karakana yake hayafungwi kulingana na alama ya kiwandani, maana mwenyekiti alikuwa ameshakagua na kuiona ile alama nyeusi. Akasema ni kweli. Akaulizwa ni nani aliyemruhusu kujitungia alama. Akasema petroli. Mwenyekiti akadhani anafanyiwa mzaha, akagonga kitabu kwa kidole, akasema kwamba kwa hiyo mzee anakiri gari la wagonjwa lilikuwa likitembea nje ya maagizo ya kiwanda, na injini imekufa. Mimi nilikuwa ukutani, kwenye viti vya mashahidi, na nilielewa kila kitu kwa mara moja. Injini ile ilikufa ikiwa kwenye alama ya kitabu, nani alijua hilo zaidi yangu? Walikuwa wanakwenda kumwangusha kwa alama yake nyeusi, na alama yake nyeusi ndiyo iliyokuwa imeyafikisha magari yale mpaka siku ile.

Nikasimama. Sikuitwa, nilisimama tu. Nikasema, “Mimi ndiye niliyeigusa mwisho. Nilisogeza mimi.” Sauti ilitoka nyembamba, sikuitambua. Mwenyekiti akainua uso. Kabla hajauliza, Fundi Salumu akageuka kwenye kiti chake, akanitazama kwa lile jicho lake la utani wa kwenye sinia saa saba, akasema, “Bwana mwenyekiti, huyu ni Mngoni, mtani wangu. Babu zake waliniibia mbuzi, waliniibia mahindi. Leo naona hata kosa langu anataka kuliiba.” Chumba kikaangua kicheko. Walikuwa wamekaa kwa huzuni tangu asubuhi, na watu waliokaa kwa huzuni hucheka haraka. Karani alicheka, bwana wa hospitali alicheka, Silvanusi alifuta macho. Mwenyekiti mwenyewe akatabasamu, akaniambia, “Dada, tuko kazini. Unatania au unasema kweli?”

Nimejiuliza miaka yote hii ni muda gani ulipita hapo. Nadhani ni kiasi cha kuvuta pumzi mbili. Niliona kiti changu karakana, na chuo, na wale waliokuwa wakija kunichungulia, na jinsi watakavyosema, si tuliwaambia? Nilimwona yule mama na kanga yake kifuani. Niliona mlango ambao Fundi Salumu ameufungua kwa ule utani, na nje ya mlango hapakuwa na jua wala kilima. Nikacheka. Sikusema uongo, hakuna neno la uongo lililotoka kinywani mwangu siku ile. Nilicheka tu pamoja nao, nikakaa. Mwenyekiti akatikisa kichwa kama unavyomsamehe mtoto, akaendelea na kitabu chake. Fundi Salumu aliendelea kunitazama. Alinitazama mpaka karani akafunga daftari.

Walimstaafisha kabla ya wakati, na kwenye faili wakaandika kwamba alijitungia taratibu. Siku ya mwisho alikusanya spana zake mwenyewe, zile zilizokuwa zake tangu enzi za matrekta, akazifunga kwenye gunia, akaaga kila mtu kwa mkono. Mimi pia alinipa mkono. Miezi michache nikawa nakaimu kiti chake. Jambo la kwanza nililofanya, bila kumwambia mtu, ni kuyarudisha magari yote kwenye alama nyeusi, na hakuna injini nyingine iliyoungua mwaka ule. Walinisifia. Wakati wa chai kikombe changu nilikunywa mpaka mwisho, hakuna aliyekigusa, na chai nzima ilikuwa inanishinda. Bi Zuhura aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ni joto, naye akasema joto la Nachingwea halimkondeshi mtu hivyo.

Msimu wa korosho ulipoanza nikaandika barua. Niliandika yote: Ijumaa, taa, nati, alama, kicheko. Sikuipeleka ofisini. Niliitia kwenye kikapu pamoja na sukari niliyoitafuta kwa wiki mbili, nikapanda lori mpaka Ruangwa, kisha nikakodi baiskeli mpaka Nkowe, maana nilitaka yeye aione kwanza. Nilimkuta anaokota korosho na mkewe, mashati yao yamechafuka kwa maji ya mabibo. Aliponiona alinyooka. Niliita kwa mbali, kama tulivyozoea, kwamba Mmwera, bado uko hai? Aliingia ndani, akatoka na shati safi, akamwambia mkewe alete kiti. Walikuwa na kiti kimoja. Nikasema nitakaa mkekani, akasema hapana, mgeni anakaa kitini. Akasema, “Karibu, Bi Mektilda. Habari za kazi?”

Nilimsomea barua. Alisikiliza mikono yake ikiwa magotini, mkewe akatuachia uwanja. Nilipomaliza akasema nimeandika vizuri, lakini ningeipeleka kwanza ofisini, ndipo nije kwake. Aliyasema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kofi. Nikamuuliza, nikilia, kwa nini basi alinikatiza siku ile, nilishasimama, nilishasema, kwa nini alileta utani? Akaokota ganda la korosho, akalizungusha vidoleni.

“Nilikuona unatetemeka,” akasema. “Nikasema nimrushie neno avute pumzi, halafu atanirushia jingine. Si ndivyo tulivyozoea? Ungesema tu, Mmwera nyamaza, leo sitanii. Wote wangenyamaza. Nilikuwa nakungoja.”

Barua ile niliipeleka, tena Jumatatu iliyofuata. Bwana mmoja aliisoma akiwa amesimama, akaitia kwenye faili, akaniambia mambo yaliyokwisha hayafukuliwi, nenda kafanye kazi, wewe bado kijana. Haikumrudishia Fundi Salumu chochote. Miaka iliyofuata nilihamishwa, nikafundisha chuo, nikawafundisha vijana wengi kwamba ukikuta alama usiyoielewa kwenye gari la mtu, muulize, na umuulize ukiwa hucheki. Hawakujua nilikuwa namwambia nani. Lakini siku ile ya Nkowe nilikuwa bado na tumaini. Mkewe alitupikia ugali, wakanitengea mimi peke yangu, kwenye sahani ya maua ya wageni, nikala nikitazama mlango. Jua lilipopungua nikaaga. Fundi Salumu akachukua kikapu changu, akanisindikiza mpaka barabarani kwenye baiskeli, akiongea habari za mvua na bei ya ufuta kama anavyoongea mtu na afisa. Nikaona nikiondoka hivi, bila utani, nimekwisha. Pale barabarani nikajikaza, nikapanda baiskeli, nikaweka ile sauti yangu ya zamani, ingawa ilikuwa inavunjika. Nikamwambia, “Mmwera mchoyo wewe. Mtani wako natoka Nachingwea yote hiyo, hata kuku hukunichinjia?”

Alinikabidhi kikapu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

“Utusamehe, mama,” akasema. “Siku nyingine ukija tutajitahidi.”